Kakangu ameshikwa Dallas, mkewe ashamsamehe, mbona kesi haiishi?

Swali lenyewe ni hili, nimelifupisha na kutoa majina: "Wakili, salamu. Kakangu ana grinikadi, yuko Dallas mwaka wa saba, anaendesha lori. Jumamosi usiku walikosana na mkewe, wifi akapiga 911, polisi wakaja wakamchukua. Karatasi inasema asolti ya familia, Klasi A, bondi dola 2,500, bado yuko ndani. Wifi ashamsamehe, alienda mwenyewe kuwaambia polisi hataki kesi, wakamwambia si yeye wa kuamua. Mjomba wetu Mombasa ameketi na wazee wa pande zote mbili, yameisha. Sasa kuna mtu wa selo moja naye amemwambia akifika kortini akubali tu makosa, atapewa ile ya kuahirishiwa hukumu, anatoka siku hiyo hiyo na rekodi inabaki safi. Akubali? Na hii korti ya kaunti inaendaje, maana hatuielewi."

Dadangu, pole sana, na pole kwa wifi yako pia, manake kwenye hizi kesi watu wote hukimbilia aliyeko ndani na yule aliyeumia anabaki na watoto peke yake. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu hili swali nalipata mara nyingi, kutoka kwa Wakenya, Watanzania, Wakongo wa Fort Worth na Houston, na kila mara kunakuwa na mtu wa selo ambaye ameshatoa ushauri wake kabla yangu. La kwanza nakujibu sasa hivi: asikubali kosa lolote kabla hajakaa na wakili anayejua jinai na ambaye ameuliza kuhusu ile grinikadi. Hata kama kukubali kunamtoa leo.

Ila kabla tufike kortini kuna la leo, la dakika hii. Simu za jela zinarekodiwa. Zote, isipokuwa zile za wakili zikiwa zimesajiliwa vile inavyotakiwa. Kuna sauti inasema hivyo mwanzo wa simu kwa Kiingereza, na watu wetu wanaipita kama tangazo, halafu mtu anaanza kueleza, mimi nilimsukuma tu kidogo, yeye ndo alianza, mwambie aseme alianguka. Wengine wanahamia Kigiriama au Kikikuyu wakidhani hapo wamejificha, na ofisi ya mashtaka ikitaka inatafuta mtafsiri, Texas hii hawakosekani. Nishaona kesi iliyokuwa dhaifu kabisa ikapata miguu kwa sababu ya simu ya dakika nane. Akikupigia mwulize amekula, ana dawa zake, mwambie watoto wazima, basi. Kesi usiitaje hata kwa mafumbo.

Sasa hilo la msamaha, ambalo najua ndilo linawauma zaidi, kwa sababu kwetu yameisha kweli na hapa ni kama hakuna aliyesikia. Kenya, mlalamishi wa kesi ndogo ya kupigana anaweza kuomba kuondoa lalamiko lake, hakimu akiridhika yanakwisha, na hata Katiba ya 2010 inazitambua njia za jadi za kusuluhisha. Kwa hiyo mjomba wenu hakukosea, alifanya kile mtu mzima wa familia hufanya. Lakini angalia juu ya ile karatasi ya kakako, haijaandikwa wifi yako dhidi ya kakako. Imeandikwa Jimbo la Texas dhidi ya kakako. Kwa hii sheria wifi si mwenye kesi, ni shahidi. Mwenye kesi ni jimbo, na anayelisimamia jimbo pale Dallas ni ofisi ya mwendesha mashtaka wa kaunti, huyo peke yake ndiye anaomba kesi ifutwe, na jaji ndiye anakubali. Kwa nini waliiweka hivyo? Kwa sababu miaka mingi wanawake walikuwa wanapigwa Jumamosi, wanashinikizwa Jumapili, Jumatatu wanaondoa kesi, halafu mwaka unaofuata kuna mazishi. Mimi hiyo sababu naiheshimu, hata siku inapokaza kwa familia ambayo haistahili.

Wifi ana karatasi anayoweza kusaini, kiapo cha kusema hataki mashtaka yaendelee, na kwenye hiyo karatasi aseme ukweli wake. Prosekyuta, yaani huyo mwendesha mashtaka, ataisoma, ataiweka kwenye faili, lakini haimfungi. Kesi nyingine zinaisha kwa sababu yake, nyingine wala. Na hapa tafadhali nisikilize vizuri: mtu yeyote wa familia akimbana wifi asishirikiane, asiende kortini, abadilishe maneno, hilo ni kosa jingine linaitwa kuingilia shahidi, na Texas kesi ikiwa ni ya fujo za nyumbani hilo kosa haliko chini ya feloni, yaani kosa kubwa, ya daraja la tatu, miaka 2 hadi 10 gerezani. Yaani kakako ana kesi ya mwaka mmoja ndani kwa upeo wake, na shangazi ambaye anadhani anasaidia anaweza kujiletea ya miaka kumi. Mwambie mjomba, kwa heshima zote, kikao kilichofanyika kimefanyika, sasa aache kumpigia wifi simu kuhusu kesi. Amjulie hali tu.

Tuje kwa hii kaunti yenyewe, maana neno linawachanganya. Kaunti ya hapa si kama zetu 47, ambazo mahakama hazimilikiwi na gavana, mahakama Kenya ni za taifa zima. Texas kuna kaunti 254, na nyingi zina jela yake chini ya sherifu, na kila moja ina korti zake, ambazo majaji wanapigiwa kura na wananchi, ndio, kwa kura kama diwani. Makosa yamegawanywa kwa uzito. Yale madogo kabisa, Klasi C, faini isiyozidi dola 500 na hakuna kifungo, yanaenda korti ya mji au ya jaji wa amani. Klasi B, hadi siku 180 jela ya kaunti na faini hadi dola 2,000, na Klasi A, hadi mwaka mmoja na faini hadi dola 4,000, hizi ndizo za korti ya kaunti. Feloni zinaenda korti ya wilaya, ambayo huku ndo kubwa, usidanganywe na jina wilaya. Pale Dallas hizi mbili za jinai, ya kaunti na ya wilaya, ziko jengo moja, la Frank Crowley, na jela ya Lew Sterrett iko papo hapo ubavuni, kwa hiyo ukienda hakikisha umeandika namba ya korti, la sivyo utazunguka ghorofa hadi jina lake lishaitwa.

Kakako yuko Klasi A. Mshukuruni Mungu kwamba haikuandikwa kwamba alimkaba shingo, kwa sababu kumzuia mtu wa nyumbani kupumua, hata sekunde chache, hiyo ni feloni mara ya kwanza tu. Na usishangae kwamba wifi hakuwa na jeraha na bado ni asolti. Kuumiza mwili kwa sheria ya Texas kunatosha kuwa ni maumivu. Askari alimwuliza umesikia uchungu, akasema ndio, na kesi ikawa kesi.

Kilichofanyika mpaka sasa ni hivi. Baada ya kukamatwa lazima mtu apelekwe mbele ya hakimu ndani ya saa 48, na huwa ni dakika mbili tatu tu, mara nyingi humo humo jela, saa zingine kwa skrini. Pale hakuna kesi inayosikizwa, kwa hiyo asijutie kwamba hakujieleza, na kama alijaribu kujieleza basi ndo hivyo, asirudie. Hakimu anamsomea anashtakiwa nini, anamwambia ana haki ya kunyamaza na ya kupata wakili, anamwuliza kama anataka wakili wa kupewa, anapanga bondi. Watu wengi wetu wanajibu hapana kwa lile swali la wakili, kwa aibu au kwa kudhani ni kukiri kosa au kwamba watadaiwa, na hiyo hapana inaandikwa. Mwambie kama alisema hapana anaweza kubadilisha. Aombe fomu, ajaze mapato yake kwa ukweli. Kaunti kubwa kama Dallas, maombi yakishafika, kama anastahili, wakili anafaa kupewa kufikia mwisho wa siku ya kazi inayofuata. Haki yenyewe ya mtu asiye na uwezo kupewa wakili ilipatikana 1963 kwa kesi ya Gideon, na 2008 Korti Kuu ya Marekani ikasema, kwenye kesi iliyotoka humu humu Texas, kaunti ya Gillespie, kwamba hiyo haki inaanza pale pale mbele ya hakimu wa kwanza, haingojei mpaka prosekyuta ajiamulie. Yule bwana wa Gillespie alikuwa ameomba wakili mara kadhaa bila kupewa, akaishia jela kwa feloni ambayo ilisimama juu ya rekodi ya makosa kumbe rekodi haikuwa sahihi, na wakili alipopatikana hatimaye alizikusanya tu karatasi na kesi ikafutwa. Karatasi tu. Ndo maana nasisitiza wakili mapema, wakati mwingine si hotuba inayokutoa, ni karatasi.

Bondi ya dola 2,500 mna njia mbili za kulipa na moja ya kuomba. Mkilipa zote taslimu kwa kaunti, akihudhuria kila tarehe, pesa inarudi kesi ikiisha, wanakata ada kidogo. Mkienda kwa mtu wa bondi mnampa kawaida asilimia 10, hapo kama 250, na hiyo hairudi hata kesi ifutwe kesho. Ya tatu ni ya kujidhamini mwenyewe bila pesa, ambayo wakili anaweza kumwomba jaji, kazi yake thabiti na miaka saba ya kuishi hapa vinasaidia. Na kuna kifungu kinachosema mtu akiwa ndani kwa kosa kama lake na siku 30 zipite jimbo likiwa haliko tayari kwa kesi, lazima aachiliwe kwa kujidhamini au bondi ishushwe. Sikuambii mngoje siku 30, nakuambia ili ujue kwamba hakuna anayelazimika kukubali makosa ili atoke. Mlango wa kutoka uko kando ya mlango wa hatia, na watu wa selo wanaona mmoja tu.

Kabla mlipe bondi lakini, wakili aulize jela kama kuna zuio la uhamiaji kwake. Alama za vidole za kila anayeingia jela zinaenda hadi serikali kuu. Mwenye grinikadi ambaye hajawahi kuhukumiwa kwa kawaida hana zuio, ila kama liko na mkamlipia bondi, anaweza kutoka mkono wa sherifu akaingia mkono wa watu wa uhamiaji, na hiyo mnataka kuijua kabla pesa haijatoka mfukoni.

Akitoka hatarudi nyumbani. Najua hili litawashangaza. Karibu hakika hakimu alitoa amri ya dharura ya kumlinda wifi, hizo huwa za siku 31 hadi 61, na huenda masharti ya bondi yanasema pia asimkaribie. Amri hiyo inamfunga kakako. Wifi akimpigia, akimtumia picha ya mtoto, akimwambia njoo ule, na yeye akaenda, aliyevunja amri ni kakako, kwa kuwa sheria inasema wazi hata yule anayelindwa hana uwezo wa kumpa mtu ruhusa ya kuivunja. Na kuivunja ni Klasi A ya pili juu ya ile ya kwanza. Nguo zake, dawa, leseni ya lori, azifuate mtu mwingine au aombe polisi wamsindikize. Kama wifi anataka kweli arudi, kuna njia, anaweza kumwomba jaji abadilishe masharti, lakini ni jaji anayebadilisha, kwa maandishi, si watu wawili jikoni. Na kazi ya lori, aangalie kama masharti yanamzuia kutoka kaunti au jimbo, kama yanamzuia wakili aombe ruhusa mapema kabla hajachukua mzigo wa kwenda Oklahoma.

Tarehe ya kwanza ya korti sasa. Asikuje akidhani atasikizwa. Kesi ya Klasi A haipiti kwa jopo kuu, wale raia wanaoamua kama mtu ashtakiwe, kama feloni, ambayo inahitaji watu 12 wakae na 9 wakubali. Hii inaletwa na prosekyuta mwenyewe kwa karatasi mbili, lalamiko lenye kiapo na hati ya mashtaka. Siku ya korti jina linaitwa, unasema niko, wakili anaongea na prosekyuta pembeni, wanapanga tarehe nyingine. Mwezi unapita, mnaenda tena, tarehe nyingine. Watu wanakasirika, wanaona wanapotezewa siku ya kazi, na hapo kwenye uchovu ndipo wengi wanakubali makosa. Hizo tarehe si bure, ndani yake ndo wakili anapata ushahidi. Tangu Januari 2014 Texas kuna sheria inayolazimisha prosekyuta kufungulia upande wa utetezi faili lake, sheria iliyopewa jina la Michael Morton, aliyefungwa 1987 kwa kumuua mkewe na akakaa ndani karibu miaka 25 kabla kipimo cha DNA kumtoa 2011, na ushahidi wa kumsaidia ulikuwapo siku zote kwenye faili la serikali. Kwa hiyo wakili ataomba sauti ya 911, video za bodikem, ile kamera ya kifuani, za kila askari, picha, ripoti. Zinachukua wiki. Akae nazo, azitazame zote hadi mwisho, na kakako azitazame pamoja naye.

Na hapa niseme jambo la lugha ambalo linaniumiza moyo. Kwenye video nyingi za watu wetu hakuna mkalimani, kuna mtoto wa miaka kumi anatafsiri ugomvi wa wazazi wake, au jirani, au simu ya askari. Mama anasema "alinipigia kelele", inatoka kwa Kiingereza alinipiga. Anasema "alinishika nikaanguka", hapo hakuna anayeuliza alimshika kumzuia asianguke au kumwangusha. Ripoti inaandikwa kutoka kwa ile tafsiri, na prosekyuta anasoma ripoti tu. Wakili ambaye hajui Kiswahili hawezi kuisikia hiyo tofauti, lazima mumwombe amtafute mkalimani mwenye leseni asikilize ile video neno kwa neno. Kortini vile vile, mkalimani wa kesi ya jinai ni haki na hamlipi nyinyi, ila mseme mapema, na mseme Kiswahili cha wapi, mtu wa Mombasa na mtu wa Uvira wote wanasema Kiswahili na bado wanaweza kupotezana. Binamu asijitolee. Na kakako hata kama Kiingereza chake cha barabarani ni kizuri, cha kortini ni kingine, aombe tu.

Unauliza bila wifi kutoa ushahidi kesi si itakufa? Inaweza, mara nyingi inadhoofika sana, lakini isihesabiwe hivyo. Wifi anaweza kupewa samansi na kuipuuza ni shida yake mwenyewe, na ile kinga ya mke kutomshuhudia mumewe haifanyi kazi pale ambapo yeye mwenyewe ndiye anayesemekana aliumizwa. Halafu kuna simu ya 911. 2006 Korti Kuu iliamua kwamba maneno ya mtu anayeomba msaada wakati hatari bado iko yanaweza kuchezwa kortini hata kama mwenyewe hakuja. Sauti ya mtu akilia usiku inasikika vingine kabisa mbele ya wale raia sita wa jopo wanaoamua kesi.

Sasa nifike kwa ile dili ya mtu wa selo. Anachosema si uongo mtupu, na ndo maana inaua. Texas ina utaratibu unaitwa difadi. Unakiri kosa au unasema hupingi, jaji anaahirisha kukuhukumu, unakaa chini ya uangalizi hadi miaka miwili, unalipa ada, unafanya masomo ya wiki nyingi kuhusu fujo za nyumbani, ukimaliza vizuri kesi inafutwa na kwa Texas hukuhukumiwa. Kwa mzaliwa wa hapa inaweza kuwa dili nzuri. Kwa mwenye grinikadi, serikali kuu ina kamusi yake. Tangu sheria ya Bunge ya 1996, kwa mambo ya uhamiaji ukishakiri kosa na jaji akakuwekea adhabu au kizuizi chochote, umehukumiwa, hata kama jimbo linasema hukuhukumiwa. Na fujo dhidi ya mwenzi wa ndoa ni moja ya makosa ambayo sheria ya uhamiaji inayataja kama sababu ya kumwondoa mtu nchini, haiangalii una miaka mingapi hapa wala una watoto raia. Kama kosa lenyewe lilivyoandikwa linaingia kwenye hicho kifungu au haliingii ni hesabu nyembamba sana, maneno mawili kwenye hati ya mashtaka yanaweza kubadilisha, na ndo sababu wakili wa uhamiaji lazima aione kabla, akiiona baada ya kukiri anakuwa daktari wa maiti.

Tena "rekodi inabaki safi" si kweli hata kwa Texas. Difadi ya fujo za familia haifungiki isionekane, mwenye nyumba ataiona, kampuni ya lori itaiona. Na siku yoyote mbele akishtakiwa tena kosa kama hilo, ile difadi inahesabiwa, ya pili inaruka inakuwa feloni. Na akihukumiwa kabisa badala ya difadi, sheria ya serikali kuu inamnyima bunduki maisha, ambayo kwa mtu aliyekuwa anawaza kazi ya ulinzi ni mlango umefungwa.

Kuna kesi moja nawasimulia wateja wangu wote. Jose Padilla, mzaliwa wa Honduras, grinikadi zaidi ya miaka 40, alipigania Marekani kule Vietnam, dereva wa lori kama kakako. Alikamatwa Kentucky na bangi kwenye lori, wakili wake akamwambia usijali kuhusu uhamiaji, umekaa hapa muda mrefu. Akakiri. Ilikuwa ni kosa la kumwondoa nchini moja kwa moja. Akapigana hadi Korti Kuu na 2010 ikasema wakili wa jinai ana wajibu wa kumwambia mteja asiye raia kuhusu hatari ya kufukuzwa. Kwa hiyo wakili wa kakako, hata awe wa bure, hata awe na kesi mia mezani, mkamwulize kwa neno hilo hilo, Padilla, ataelewa, mwambieni tunataka ushauri wa Padilla kwa maandishi.

Na dili hazijaisha kwa difadi. Wakili mzuri anaweza kuomba mpango wa kabla ya kesi, ambapo mtu anafanya masomo na masharti kisha kesi inafutwa bila kukiri chochote mbele ya jaji, na hilo la kutokiri ndo lenye thamani. Anaweza kuomba kosa libadilishwe kuwa lisilo la familia. Anaweza kusubiri tu, akaionyesha ofisi ya mashtaka ile tafsiri mbovu ya video. Na anaweza kwenda kusikizwa. Korti ya kaunti jopo ni la watu sita, lazima wote sita wakubaliane, na jimbo ndilo linabeba mzigo wa kuthibitisha bila shaka ya maana, kakako halazimiki kufungua mdomo. Akishindwa ana siku 30 za kutoa notisi ya rufaa, inaenda korti ya rufaa, na juu kabisa kwa jinai Texas ina korti yake ya mwisho pale Austin tofauti na ile ya madai. Lakini kwa kosa hili uamuzi mkubwa utafanyika mapema, kwenye hizo wiki za kuchosha.

Wiki hii basi, mambo haya. Aombe wakili kwa maandishi leo kama bado. Piga picha kila karatasi aliyotoka nayo kwa hakimu, hasa yenye masharti. Tafuteni mahali atalala ambapo si nyumbani. Asisafiri nje ya nchi kesi ikiwa wazi, hata harusi, hata msiba, bila kumwuliza wakili wa uhamiaji, maana kurudi uwanja wa ndege na kesi mkononi ni mtihani wa pili. Asiandike chochote mtandaoni. Tarehe ya korti afike saa moja na nusu asubuhi, kupaki magari na foleni ya usalama pale vinakula muda, na asiyefika anaandikiwa waranti na bondi inaenda.

Na wifi. Tafuta mtu amkalie karibu ambaye si wa upande wenu, amwulize faraghani kama yuko sawa na kama ile Jumamosi ilikuwa ya kwanza kweli. Kama haikuwa ya kwanza, kila nilichoandika hapo juu kuhusu kakako kinabaki vile vile, lakini yeye naye ana haki ya wakili wake mwenyewe na ya kuomba amri ndefu ya ulinzi, na kwa uhamiaji kuna njia zake ambazo hazimtegemei mumewe hata kidogo. Simu ya kitaifa ya msaada ni 1-800-799-7233, wanaweza kuweka mkalimani. Mpe hiyo namba wewe mwenyewe, mkononi, usipitishe kwa mjomba.